Krismasi ya Mtoto Asiyeona Wala Kusikia

Mtoto mwenye macho na masikio huijua sikukuu kabla haijafika. Huona nyumba zikipakwa chokaa, husikia nyimbo zikifundishwa, na huwasikia wakubwa wakinong'ona habari za nguo mpya na vyakula. Hapana mtu aliyemketisha ili kumfundisha maneno hayo yote. Ameyaokota mwenyewe, mojamoja, kama kuku aokotavyo punje uani. Lakini mtoto asiyeona wala kusikia atayaokota wapi? Kwake yeye sikukuu ni harufu ya chakula na kishindo cha miguu ya watu, basi.

Mtoto wa namna hiyo alikuwapo katika mji mdogo wa Tuscumbia, jimbo la Alabama, katika nchi ya Marekani. Jina lake Helen Keller. Alizaliwa tarehe 27 Juni, 1880, mzima wa macho na masikio. Alipokuwa na umri wa miezi 19 alishikwa na ugonjwa mkali, na ugonjwa ulipomwacha alikuwa haoni tena wala hasikii. Na kwa kuwa hakusikia, hakuweza kujifunza kusema. Alipotaka kitu alifanya ishara kwa mikono, na asipofahamiwa alikasirika, akapiga mateke na kulia mpaka akachoka.

Hata hivyo Helen hakukosa kazi wakati wa sikukuu. Kila Krismasi ilipokaribia alipewa viungo asage, na zabibu kavu azichambue, na miiko ya keki ailambe. Mambo hayo yalimfurahisha, lakini hakujua yalikuwa ya nini. Usiku wa kuamkia sikukuu alitundika soksi yake. Katika nchi ile watoto hutundika soksi ili zitiwe zawadi, na husimuliwa kwamba mwenye kuzitia ni mzee wa hadithi aitwaye Santa Claus. Watoto wengine huamka kabla ya mapambazuko, wakakimbia kutazama. Helen hakuamka mapema. Alitundika soksi kwa sababu wengine walitundika, na hakuwa na la kungojea. Mikono yake ilikuwa ndani ya sikukuu, bali akili yake ilikuwa nje, mlango umefungwa.

Tarehe 3 Machi, 1887, alifika nyumbani kwao mwalimu, msichana mwenye umri wa miaka 20, jina lake Anne Sullivan. Alitoka katika shule ya vipofu ya mji wa Boston. Yeye mwenyewe aliugua macho tangu utoto, akasomeshwa katika shule hiyohiyo, na huko alijifunza alfabeti ya vidole. Katika alfabeti hiyo kila herufi ina umbo lake. Kwa herufi A, vidole hukunjwa kama ngumi, na kidole gumba husimama kando. Kwa L, gumba na kidole cha shahada hunyoshwa, vingine hukunjwa. Kwa O, vidole vyote huviringwa mpaka vikagusana na gumba. Mwalimu alizifanya herufi hizo ndani ya kiganja cha Helen, ili mtoto azisome kwa kugusa.

Mwanzoni Helen aliziiga herufi bila kujua maana yake, kama kasuku aigavyo maneno ya watu. Hata tarehe 5 Aprili mwalimu akampeleka kisimani. Maji yalipokuwa yakibubujika juu ya mkono mmoja wa mtoto, mwalimu aliandika neno la maji katika mkono wa pili. Helen akasimama kimya. Mara akafahamu kwamba kile kitu baridi kinachopita mkononi kina jina, na kwamba kila kitu duniani kina jina lake. Tangu siku hiyo hakuacha kuuliza.

Basi Krismasi ya mwaka ule ilipokaribia, mwalimu hakuifanya kuwa siku za kupumzika tu. Kwa majuma kadhaa yeye na Helen walisimuliana hadithi za Krismasi. Hakujaribu kumweleza mtoto kila neno jipya. Aliona kwamba neno likirudiwa mara nyingi, mahali pake panapofaa, maana yake itakuja polepole, kama vile mtoto mchanga anavyoyapata maneno ya mama yake.

Watu wa nyumbani walikuwa wakimtayarishia Helen zawadi kwa siri. Lakini lililompendeza zaidi ni kwamba yeye na mwalimu wake walikuwa wakiwatayarishia wengine. Kila jioni waliketi karibu na moto wa kuni wakacheza mchezo wa kubahatisha, kama watoto wa pwani wategavyo vitendawili baada ya chakula cha usiku. Watu walimwandikia Helen nusu ya habari kiganjani, kisha wakaacha ghafula kama mtu aliyekumbuka kwamba hiyo ni siri. Basi hamu ikamshika. Mwenye kubahatisha hana budi kuuliza, na mwenye kuuliza hana budi kutafuta maneno. Baadaye, Helen alipokuwa mtu mzima, alisema kwamba mchezo ule ulimfundisha matumizi ya lugha kuliko somo lolote lililopangwa.

Jumamosi tarehe 24 Desemba, watoto wa shule ya Tuscumbia walikuwa na mti wao wa Krismasi, wakamwalika Helen. Ni desturi ya huko kuweka mti mbichi ndani ya nyumba, kuupamba kwa taa, na kuning'iniza zawadi katika matawi yake. Helen hakuwa amepata kuufahamu mti kama huo. Aliugusa, akashangaa, akauliza ni nani aliyeuotesha mti ndani ya nyumba, na ni nani aliyeweka vitu vingi juu yake. Kisha akaanza kuviangua vile vitu, akidhani vyote ni vyake. Mwalimu hakumkemea wala kumwondoa. Alimweleza kwa vidole kwamba kila mtoto ana zawadi yake pale, na Helen akapewa kazi ya kuzigawa yeye mwenyewe.

Hapo ndipo jambo kubwa lilipoonekana. Zawadi zake mwenyewe Helen aliziweka juu ya kiti, asizichungue kwa vidole mpaka watoto wote wamekwisha pata zao. Tena, mtoto mmoja wa kike alikuwa amepata zawadi chache kuliko wenzake, na Helen akashikilia kumgawia katika zake. Wahenga walisema: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Mtoto ambaye mwanzoni mwa mwaka ule alipiga mateke kwa kutofahamiwa, sasa alifahamu haja ya mwenzake. Shughuli ilianza saa tatu asubuhi, ikaisha saa saba mchana. Mwalimu alikuwa amefasiri kwa vidole muda huo wote, na vidole vilimwuma, na kichwa vilevile. Lakini Helen hakuchoka hata kidogo.

Baada ya chakula cha mchana theluji ilianza kuanguka, na theluji nayo ikawa somo. Mtu hawezi kumweleza mtoto wa namna hii theluji kwa maneno matupu. Humtia theluji mkononi, kisha humpa jina lake. Asubuhi ya pili nchi ilikuwa nyeupe, nao wakacheza kwa kurushiana madonge ya theluji pamoja na watoto wa mpishi. Ilipofika adhuhuri ilikuwa imekwisha yeyuka.

Usiku ule wa Jumamosi Helen alitundika soksi mbili, asije yule mzee akaisahau moja. Hakulala upesi, aliamka mara mbili tatu kupapasa kama kuna kitu. Mwalimu alipomwambia kwamba mzee haji mpaka mtoto alale, alifumba macho, akaeleza kwa vidole kwamba mzee atadhani amelala. Asubuhi alikuwa wa kwanza kuamka. Alikuta soksi zote mbili zimejaa, akacheza kwa furaha. Mara akanyamaza, akaja kumwuliza mwalimu kama mzee hakukosea, akadhani kwamba nyumba ile ina watoto wa kike wawili, na kama hatarudi kuzichukua atakapojua kosa lake. Tazama jinsi akili ilivyofanya kazi katika swali hilo: kuna kuhesabu, kuna kutafuta sababu, tena kuna uaminifu.

Miongoni mwa zawadi zake zilikuwamo nguo za mwanasesere wake Nancy, na kibao cha kuandikia maandishi ya vipofu. Maandishi hayo yalibuniwa na Louis Braille, Mfaransa aliyekuwa kipofu, naye aliyatangaza mwaka 1829. Kila herufi hufanywa kwa nukta katika nafasi sita, safu mbili za nukta tatu tatu. Mwandishi hubana karatasi katika kibao, akaidunga kwa kalamu ya chuma yenye ncha. Nukta hutokeza upande wa pili wa karatasi, kwa hiyo huandikwa kutoka kulia kwenda kushoto, kisha karatasi hugeuzwa na kusomwa kwa ncha za vidole. Helen alipokitambua kibao alisema ataandika barua nyingi.

Mwalimu alimpa ndege mdogo wa kuimba, jamii ya chiriku, aitwaye Tim. Zawadi hii nayo ilikuwa somo, kwa kuwa Helen alifundishwa kumtunza mwenyewe. Kila asubuhi alimtayarishia maji ya kuoga, akasafisha tundu lake, akamjazia punje na maji safi. Ndege akazoea hata akarukia kidole chake na kula mkononi mwake. Siku moja Helen aliliacha tundu karibu na dirisha, akaenda kuchota maji. Aliporudi na kufungua mlango, paka mkubwa alimpita miguuni. Alitia mkono ndani ya tundu, asikute kitu. Helen alilia; lakini huzuni hiyo haikuwa kama vilio vyake vya kwanza. Alijua sasa amepoteza nini, na jina lake.

Asubuhi ya Krismasi ile mama yake Helen alimwambia mwalimu, machozi yakimtoka, kwamba kila siku humshukuru Mungu kwa kumleta kwao, lakini hakuwa amejua mpaka siku hiyo baraka waliyoipata. Baba yake alimshika mwalimu mkono, asiweze kusema neno.

Nyumba ilikuwa ileile, na mikono ya Helen ilikuwa ileile. Kilichoongezeka ni nini? Ni neno lililotiwa kiganjani saa ileile mkono unapogusa kitu. Kazi ya mikono bila neno ilimwacha Helen nje ya sikukuu, na neno bila kazi ya mikono lisingalimfikia hata kidogo. Kwa njia hiyo Helen alisoma mpaka akahitimu katika chuo cha Radcliffe mwaka 1904. Anne Sullivan alikuwa naye mpaka alipofariki mwaka 1936, na Helen mwenyewe alifariki mwaka 1968.

Katika shule nyingi wamo watoto wasioona vizuri, au wasiosikia, au wanaokawia kufahamu. Sikukuu ikija, wengine huwaketisha pembeni wasije wakaharibu kitu, wakidhani wanawahurumia. Afadhali kumpa mtoto huyo unga aukande, au majani ya kupambia ayafunge, au zawadi azigawe, na kumweleza kila anachokishika.

Maswali

1. Kwa nini Helen hakuamka mapema kutazama soksi yake kabla ya mwaka 1887?
2. Mchezo wa kubahatisha ulimfundisha nini?
3. Mwalimu alifanya nini Helen alipoanza kuangua zawadi mtini? Kama angalimkemea tu, Helen angalikosa kujifunza nini?
4. Kwa nini mwenye kuandika kwa nukta huanza upande wa kulia?

Zoezi

Mfunge mwenzako macho kwa kitambaa. Mtie mkononi kitu kimoja cha sikukuu ya kwenu. Yeye aulize maswali, nawe umjibu kwa kumgonga kiganjani: mara moja ni ndiyo, mara mbili ni siyo. Akikijua kitu hicho, badilishaneni.