Duka la Samaki wa Mapambo: Je, Kizuri Chajiuza?

Wahenga walinena kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hata hivyo, katika duka la samaki wa mapambo methali hii yaweza kumpotosha mnunuzi, kwani rangi ya samaki huvutia macho ilhali maradhi hujificha majini. Mnunuzi mwekevu hulikagua tangi lote kabla ya kumchagua samaki mmoja. Samaki aliyebana mapezi, mwenye vidoa vyeupe mithili ya chembe za chumvi, au anayetweta kwenye uso wa maji, huashiria ugonjwa au maji mabovu. Nao wenzake tangini wamo hatarini. Wavu mmoja unaochovywa katika matangi yote bila kutakaswa husambaza maradhi hayo.

Kipimo kikuu cha uaminifu, hata hivyo, ni maswali ya muuzaji mwenyewe. Tangi jipya aghalabu huhitaji wiki 4 hadi 6 ili bakteria wanaoigeuza amonia, sumu itokanayo na taka za samaki, wapate kustawi. Pasipo bakteria hao, hata samaki mzima huweza kufa katika siku chache. Hivyo basi, muuzaji anayeuliza umri wa tangi, na kumrudisha nyumbani mikono mitupu mteja asiyekuwa tayari, ndiye anayestahili kuaminiwa.