Rugozite: Kidole hakitoshi, tupime

Pompa ikianza kuvuja mafuta kule chini, mtu wa kwanza kuitwa ku biro njo fundi wa atelye. Wanamwambia hakulainisha mhimili vizuri. Yeye anapitisha kidole, anasema ni laini. Shefu anapitisha chake, anasema hapana. Kidole kwa kidole, mwenye cheo anashinda, mshahara unakatwa, na ku nyumba mfuko wa unga njo unapungua. Sisi ba sendika tunasema: tupime.

Kila uso wa chuma, hata ule unaong'aa, uko na vilima na mabonde madogo sana. Njo rugozite. Inapimwa kwa mikroni, na mikroni 1 ni sehemu moja ya 1000 ya milimita. Namba yenye kuandikwa ku plani ni Ra: wastani wa namna vilima na mabonde vinaachana na mstari wa katikati. Pale jointi ya mpira inakaa ku mhimili unaozunguka, kawaida wanaomba Ra kati ya 0,2 na 0,8. Ikizidi, vilima vinakula mpira. Ikipungua sana, mafuta hayapati pa kushika, mpira unaungua.

Ku mashine ya turu, hesabu ni nyepesi. Mwendo wa kisu kwa kila mzunguko unauzidisha kwa wenyewe, unagawa kwa mara 8 ya radiasi ya ncha. Mwendo wa milimita 0,2 na ncha ya 0,8 unatoa mabonde ya mikroni 6,25. Ku mwendo wa 0,1 inashuka karibu 1,6. Nusu ya mwendo, robo ya mabonde.

Ku rektifiezi haiko vile. Jiwe liko na maelfu ya punje, kila moja na ncha yake, na zinachakaa kazi ikiendelea. Kwa hiyo watu wa hesabu wanafanya majaribio: wanabadilisha kasi ya jiwe, kasi ya kipande, kina cha kukata na namna jiwe lilivyochongwa, wanapima Ra kila mara, halafu wanatafuta formula. Formula hiyo inafaa paka kwa jiwe lile, chuma kile na mashine ile. Yenye kutoka kitabuni, bila kupimwa ku atelye yetu, haiwezi kuhukumu mtu.

Juu ya ile tunaomba vitu viwili: chombo cha kupima rugozite, na daftari. Kwa kila kipande tuandike jiwe gani, lilichongwa lini, kasi, kina, maji ya kupoza, na Ra yenye ilitoka. Pompa ikivuja, tufungue daftari. Kama Ra ni mbaya, tuulize: jiwe limechoka na jipya halikununuliwa? Mashine inatetemeka? Kama Ra ni nzuri, tutafute kwingine: jointi, namna ilivyofungwa, uchafu ndani ya mafuta.

Bandugu wa atelye, mukiletewa karatasi ya kosa juu ya mhimili, muulize kwanza Ra ni ngapi na nani aliipima. Kama namba haiko, musisaini. Muite delege wenu.