Kwa Nini Usingizi Hukimbia Ugenini?

Kila mwaka kwaya na timu za shule hufunga safari kwenda mashindanoni. Kutoka hapa Nyakoe hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 700. Watu hufika usiku, hugawiwa vyumba, na asubuhi wanahitajika jukwaani. Hapo ndipo utamwona mwimbaji hodari ana macho mekundu kama pilipili, na maneno aliyoyakariri muhula mzima yamemtoka.

Kwanza tuelewane. Huku kwetu, ukisema hoteli wengi hufikiria chai na chapati. Pa kulala ni gesti au lojingi, na hapo ndipo penye taabu.

Aghalabu lawama huangukia kitanda. Lakini mnamo 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, walipima bongo za watu waliolala mahali pageni. Waliona kwamba usiku wa kwanza, upande wa kushoto wa ubongo haulali fofofo kama wa kulia. Unabaki macho kidogo, unasikiliza. Walipolala hapo tena siku nyingine, tofauti hiyo haikuonekana. Bata nao hufanya hivyo: wale wa pembeni mwa kundi hulala jicho moja wazi, wakimchunga adui.

Kwa hivyo, ndugu msomaji, ukiwa lojingi una askari kichwani. Huwezi kumfukuza, ila unaweza kumpunguzia kazi. Kabla giza halijaingia, jua choo kiko wapi na mlango wa kutokea ni upi. Jaribu komeo mwenyewe. Pesa mpe mwalimu. Ukizilalia chini ya mto utakuwa ukizipapasa hadi alfajiri! Beba shuka au leso yako ya nyumbani, maana harufu uliyoizoea hutuliza.

Chumba nacho kina mambo. Omba cha nyuma, mbali na baa na stendi ya mabasi. Sisi tumezoea mvua ikinyesha juu ya mabati, tunalala tu. Makanga akiita abiria saa tisa usiku ni kelele ngeni, na askari wako ataamka. Pamba masikioni husaidia.

Joto ndilo humshinda mtu wa Kisii akifika pwani. Mji wetu uko takriban mita 1,700 juu ya bahari, na usiku tunajifunika blanketi. Mwili hupoa kidogo ili upate usingizi, na Mombasa hewa haiusaidii. Oga maji ya uvuguvugu saa moja hivi kabla ya kulala: damu huja karibu na ngozi na joto hutoka. Washa pangaboi kama lipo. Chandarua usikiache kwa sababu ya joto, kwani mbu wa malaria huuma usiku. Kichomeke chini ya godoro pande zote.

Jambo moja ni la walimu wetu walezi. Ikiwa karo na basi vinaruhusu, kwaya ifike siku mbili kabla ya kuimba, si moja. Usiku wa kwanza uwe wa askari, wa pili uwe wa waimbaji. Na ile chai nzito ya saa tatu usiku ipunguzwe: kafeini yake huchukua kama saa tano kupungua nusu mwilini, na wakati huo itakuwa saa nane.