Kipolishi katika Hatua ya Kati ya Juu: Msingi wa Mwanafunzi kutoka Masisi na Walikale

Mwanafunzi atokaye Masisi au Walikale, katika Kivu ya Kaskazini, huingia chuo kikuu akiwa tayari na lugha kadhaa. Nyumbani aghalabu huzungumza Kihunde, Kinyarwanda au Kinyanga. Sokoni hutumia Kiswahili. Shuleni amefundishwa kwa Kifaransa. Ajifunzapo lugha ngeni, mathalani Kipolishi, mazoea humwelekeza kupima kila jambo kwa Kifaransa. Makala haya yanaonyesha kwamba katika hatua ya kati ya juu Kiswahili mara nyingi ni kipimo bora zaidi.

Uhusiano wa lugha hizi mbili si mpya. Kamusi ndogo ya Kiswahili na Kipolishi ya Roman Stopa na Bohdan Garlicki ilichapishwa Warsaw mwaka 1966. Huko Łódź, kituo cha kuwafundisha wageni Kipolishi kabla ya masomo ya chuo kikuu kilianzishwa mwaka 1952, na Waafrika wengi wamepitia humo.

Mwanzoni msemaji wa Kiswahili ana faida mbili. Kwanza, mkazo wa Kipolishi, kama wa Kiswahili, kwa kawaida huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Pili, upatanisho wa kisarufi haumshangazi: azoeaye "kitabu kikubwa kimeanguka" huelewa upesi kwa nini husemwa *duża książka spadła*.

Ugumu halisi huja baadaye, katika hali ya kitendo. *Czytałem książkę* ni "nilikuwa nikisoma kitabu", bila kueleza kama kilimalizika. *Przeczytałem książkę* ni "nilikisoma nikakimaliza". Mwanafunzi hudhani kwamba hii ndiyo tofauti ya nyakati zilizopita za Kifaransa, lakini Kipolishi huiendeleza hata katika wakati ujao: *będę czytał*, "nitakuwa nikisoma", *przeczytam*, "nitakisoma nikimalize". Hapo Kifaransa humwacha njiani, ilhali Kiswahili kinaendelea kumwongoza.

Hali kadhalika vitenzi vya mwendo. *Chodzę na targ* hulingana na "mimi huenda sokoni". *Idę na targ* ni "ninaenda sokoni" sasa hivi. Hata hivyo Kipolishi huongeza jambo moja. Atembeaye kwa miguu kutoka Masisi hadi Sake na apandaye lori, kwa Kiswahili wote "wanaenda". Kwa Kipolishi wa kwanza *idzie*, wa pili *jedzie*.

Zipo sehemu ambazo Kiswahili hakisaidii. Nomino ya Kipolishi ina maumbo saba kulingana na kazi yake katika sentensi. Katika ukanushi, Kiswahili hubadili kitenzi, si nomino: "nina kitabu", "sina kitabu". Kipolishi hubadili nomino yenyewe: *mam książkę*, *nie mam książki*. Idadi nayo ina masharti yake: *dwie książki*, lakini *pięć książek*. Haya hayana budi kukaririwa.

Kwa kuhitimisha, wengi hukwama katika hatua hii si kwa kukosa msamiati, bali kwa kutumia kipimo kisichofaa. Mwalimu awaruhusu wanafunzi kuandika tafsiri ya kila jozi ya vitenzi kwa Kiswahili kabla ya Kifaransa. Lugha ambayo wengi wao huiona ya sokoni tu itadhihirika kuwa nyenzo ya kitaaluma.