Papa Tuliyemjua Akiwa Mkavu

Sisi wa Lizaboni tumemjua papa akiwa amekwisha kufa. Huletwa sokoni amekaushwa kwa chumvi, mgumu kama kipande cha ngozi, na mama wa nyumba humroweka kwanza kabla ya kumtia nazi. Maji yetu ni Mto Ruvuma na Ziwa Nyasa, na huko anayeogopwa ni mamba.

Januari iliyopita tulisafiri hadi Mafia kwa ajili ya ndoa ya jamaa yetu: basi kwa njia ya Tunduru, Masasi na Lindi, kisha boti kutoka Nyamisati hadi Kilindoni. Kaka wa bibi harusi hufundisha wageni kuzamia. Alitualika tushuke naye katika Ghuba ya Chole, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995 ikiwa ya kwanza ya namna yake nchini. Tulikubali kwa haraka isiyomstahili baba wa watoto watatu, na nyumbani hatukupiga simu.

Tulidhani tutaonyeshwa potwe, yule papa aliye mkubwa kuliko samaki wote duniani, ambaye huonekana karibu na Kilindoni kati ya Oktoba na Machi. Huweza kupita mita 12, naye hula vijidudu na visamaki anavyovichuja majini. Shemeji alicheka. Potwe, alisema, hutazamwa juujuu kwa miwani na mrija, upande wa pili wa kisiwa. Kwenye matumbawe ya Chole wako papa wengine, wenye meno.

"Ustadh," alituambia akitufunga mtungi wa hewa mgongoni, "ukisahau yote, hili usilisahau: usizuie pumzi." Katika kina cha mita 10 mgandamizo huwa mara mbili ya ule wa juu. Aliyejaza mapafu pale, kisha akapanda hali amefunga pumzi, hewa ile hutanuka ndani yake hata ikaweza kuyapasua mapafu. Tuliitikia kwa kichwa, kama mwanafunzi anayedhani amefahamu.

Alitokea kushoto kwetu, rangi ya mchanga, ncha ya pezi la mgongoni nyeusi kana kwamba imechovywa wino. Urefu wake haukutimia kimo cha mtu. Wala hakuwa na haraka. Somo lote lilitutoka: tukafunga pumzi, na miguu ikaanza kupiga kuelekea juu.

Shemeji alitukamata mkanda. Akatutazama machoni, akaonyesha kwa mkono: toa hewa. Mapovu yalipotoka kwa kishindo, papa aligeuka akaenda zake, asitukaribie tena. Aliyekuwa karibu kutuua saa ile ni sisi wenyewe.

Mashuani tulipewa chai, nusu yake ikamwagika kwa mtetemo wa mikono. Ndipo tukapiga simu. Mama watoto alinyamaza kitambo, kisha akauliza swali moja: "Na usingerudi, mume wangu, hawa ningewaambia umefuata nini huko chini?" Hatukuwa na jibu, wala hatujalipata hadi leo.

Siku tuliyofika Lizaboni tulikuta amepika papa wa nazi. Hakusema neno. Tulinawa, tukakaa mkekani, tukasoma Bismillah. Binti yetu mdogo akakichungulia kipande kilichokuwa sahanini mwetu, akauliza kama huyu naye alikuwa na ncha nyeusi.