Mali Yetu Humfikia Nani? Funzo Kutoka kwa Wafanyakazi wa Polaroid

Mwenye kuuza mali hujiuliza kwanza bei, kisha siku ya malipo. Swali la tatu, yaani mali hiyo itamfikia nani na itatumika kwa kazi gani, aghalabu huachiwa wakubwa wa biashara. Hata hivyo, katika makampuni ya mitambo ya kisasa wako wafanyakazi waliokataa kuliacha swali hilo, hasa pale mnunuzi alipokuwa idara ya serikali. Yafaa wanaushirika wajue madai yao yalianzaje na yalijibiwaje.

Mfano ulio mashuhuri ni wa Polaroid, kampuni ya Marekani iliyotengeneza kamera zenye kutoa picha papo hapo. Mwaka 1970 wafanyakazi wake wawili, Bi. Caroline Hunter, mkemia, na Bw. Ken Williams, mpiga picha, waliona kazini mwao sampuli ya kitambulisho yenye jina la idara ya madini ya Afrika Kusini. Walipochunguza, walitambua kwamba mitambo ya kampuni yao ilitumika kupigia picha za vitabu vya pasi. Kwa sheria ya mwaka 1952, kila Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alilazimika kuwa na kitabu hicho popote aendapo, na asiyekuwa nacho alikamatwa. Waliosikia habari za kipande walichovishwa shingoni Waafrika wa Kenya enzi za ukoloni watatambua uzito wa jambo hilo.

Wafanyakazi hao walitoa madai matatu: kampuni iondoke Afrika Kusini, itamke hadharani kwamba inaupinga ubaguzi, na faida iliyoipata huko ipewe wapigania uhuru. Kampuni haikuondoka. Januari 1971 ilitangaza mpango wa majaribio: haitaiuzia serikali ya makaburu, na wakala wake atawaongezea mishahara wafanyakazi Waafrika. Februari Bi. Hunter na Bw. Williams walitoa ushahidi mbele ya kamati ya Umoja wa Mataifa. Mwezi huo huo Bi. Hunter akafukuzwa kazi, Bw. Williams naye aliiacha kampuni.

Hapa ndipo penye kiini cha mambo. Polaroid haikuuza kwa mkono wake; iliuza kwa mkono wa wakala, Frank & Hirsch. Aliyetoa ahadi alikuwa mmoja, na aliyeshika mzigo alikuwa mwingine. Novemba 1977 ilifichuka kwamba wakala aliendelea kuiuzia serikali kwa siri, na ankara zikapitishwa katika duka la dawa mjini Johannesburg. Ndipo Polaroid ilipokata uhusiano naye, miaka saba baada ya madai ya kwanza. Sheria za pasi zenyewe zilifutwa mwaka 1986.

Mambo hayo hayakuishia hapo. Mwaka 2018 wafanyakazi zaidi ya 3,000 wa Google walitia saini barua ya kupinga mkataba na wizara ya ulinzi ya Marekani, wa kuchambua kwa akili mnemba picha za ndege zisizo na rubani. Kampuni ilitangaza kwamba haitauongeza muda, ikaahidi pia kutotengeneza akili mnemba ya silaha. Lakini mwaka 2024 iliwafukuza wafanyakazi waliopinga mkataba wake na serikali ya Israeli, na mwaka 2025 ikaiondoa ile ahadi ya silaha.

Funzo kwetu ni hili: ahadi isiyo na mkaguzi hudumu kadiri ya hiari ya aliyeitoa. Mfanyakazi wa kuajiriwa hana kura katika baraza la wenye hisa. Sisi tunayo, mtu mmoja kura moja. Basi kila halmashauri na iusome mkataba wa mauzo mbele ya mkutano mkuu, kwa lugha inayoeleweka na wote. Kila mkataba na wakala uwe na kifungu cha kutupa ruhusa ya kukagua vitabu vyake. Na karani anayeona hati ya mashaka ghalani asikilizwe, wala asiadhibiwe. Polaroid ilionywa mapema na watu wake wenyewe, ikawaona kuwa maadui.