UNAUZA UNGA WA LISHE AU KARANGA? ZIJUE HABARI ZA SUMUKUVU



Juzi mama mmoja mwenye mtoto wa miezi 8 aliniuliza inboksi: "Unga wako umepimwa sumukuvu?" Nikamjibu ukweli, sijapima. Hakununua. Ndio nikaanza kusoma, na nimeona tushirikiane.

Sumukuvu ni sumu inayotengenezwa na kuvu wanaoota kwenye mahindi na karanga. Huioni kwa macho, na kupika hakuiondoi. Ukiila kidogo kidogo kwa miaka inaleta saratani ya ini, na watafiti wanaihusisha pia na watoto kudumaa. Ikiwa nyingi inaua haraka. Mwaka 2016 mikoa ya Dodoma na Manyara waliugua watu 68, wakafariki 20, chanzo ni mahindi.

Tabianchi inaingiaje hapa? Kuvu hawa wanapenda joto. Zao likipigwa na ukame shambani linakosa nguvu, kuvu wanaingia. Mvua nayo ikinyesha wakati wa kuvuna, mzigo haukauki. Kwa hiyo yule anayekuuzia jumla, aliyekupa mzigo safi mwaka jana, mwaka huu anaweza kukupa wenye sumu na yeye mwenyewe hajui. Usimwamini kwa mazoea, kagua kila mzigo.

Habari njema: kule Rombo, Kilimanjaro, watafiti walifundisha familia kukausha mahindi vizuri bila kuyaweka chini kwenye udongo, kuchambua punje mbovu na kukoboa kabla ya kusaga. Sumukuvu kwenye chakula cha watoto ilipungua sana. Hakuna mashine ya mamilioni hapo.

Wewe fanya hivi:

1. Nunua punje, usinunue iliyosagwa tayari. Ikishasagwa huna cha kuchambua.

2. Pima ukavu wa mahindi. Chukua chupa kavu, weka mahindi na chumvi kavu kidogo, funga, tikisa, acha dakika 15. Chumvi ikinata kwenye chupa, mahindi hayajakauka.

3. Chambua kwa mkono. Toa zenye ukungu, zilizosinyaa, zilizovunjika na zilizobadilika rangi. Hizo usiziuze kwa bei ya kutupa, na kuku usiwape, zinawadhuru nao.

4. Weka magunia juu ya kichanja, sio sakafuni. Karanga zikitoka kukaangwa ziache zipoe kabisa ndio ufunge, la sivyo zinatoa jasho ndani ya pakiti.

5. Panga bei upya. Ukinunua kilo 100 ukatoa mbovu kilo 8, gharama yako igawe kwa 92. Wengi tunagawa kwa 100 halafu tunashangaa faida imeenda wapi.

6. Pima maabara. Kuchambua kunapunguza sumu, hakuthibitishi kwamba imeisha. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi na karanga ni mwisho mikrogramu 10 kwa kilo. Kama hujui pa kuanzia, nenda SIDO ya mkoa wako wakuelekeze njia ya kwenda TBS.

Na kama hujapima, usiandike "haina sumukuvu" kwenye pakiti. Anayekula ule uji ni mtoto, hawezi kukurudishia mzigo.

Una mwenzako anauza lishe? Mtumie hii. Na wewe mzigo wako unaukaguaje? Tuambie hapo chini.